Kidonda kimepona chenyewe, kwa nini nipimwe kaswende?

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila kaswende inapotajwa, kliniki ya wajawazito au dirishani pa duka la dawa. Mengi huulizwa kwa kunong'ona, na mengine hayaulizwi kabisa mpaka ugonjwa umeshafika mbali.

Kaswende ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa wa zinaa unaoletwa na bakteria aitwaye Treponema pallidum, mwembamba na aliyejisokota kama skrubu. Aligunduliwa mwaka 1905 mjini Berlin na Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 pekee watu milioni 8 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliambukizwa. Kwa kuwa ni bakteria na si kirusi, kaswende inatibika, na mtu anapona kabisa.

Nilitoka kidonda sehemu za siri. Hakikuuma, na sasa kimepona. Si yamekwisha?

Hayajaisha, na hapa ndipo wengi wanaponaswa.

Kidonda cha kwanza hutokea mahali bakteria walipoingilia. Kwa kawaida ni kama wiki 3 baada ya kukutana na mwenye ugonjwa, ingawa chaweza kutokea siku ya 10 au kuchelewa hadi siku ya 90. Mara nyingi huwa kimoja, kigumu kwenye kingo, na hakina maumivu. Mitoki ya kinena yaweza kuvimba. Kwa mwanamke kidonda kinaweza kujificha ndani ya uke au kwenye shingo ya kizazi, asikione hata siku moja. Wengine hukipata mdomoni au kwenye njia ya haja kubwa.

Baada ya wiki 3 hadi 6 kidonda hufunga, upake dawa usipake. Ndiyo maana marashi na mizizi ya kila aina hupata sifa isiyo yake: kidonda kingefunga tu. Bakteria wenyewe wamo kwenye damu tayari.

Wiki au miezi michache baadaye hutokea upele, nao huenda ukafika viganjani na kwenye nyayo. Kwa kawaida hauwashi. Ningeomba kila msomaji aikumbuke dalili hii, kwa sababu ni magonjwa machache yanayotoa upele mahali hapo. Wapo wanaopata homa, koo kuuma, nywele kunyonyoka kwa mabaka, au vinyama laini vyenye majimaji sehemu za siri, ambavyo vinaambukiza sana. Nayo yote haya hupotea yenyewe.

Halafu ugonjwa hunyamaza. Mtu anaweza kukaa miaka bila dalili yoyote, na ni kipimo cha damu tu kinachoweza kumwambia ukweli. Kwa baadhi ya wasiotibiwa, kati ya miaka 10 na 30 baadaye, huibuka ukiwa umeharibu moyo, mshipa mkuu wa damu au ubongo. Macho na masikio yanaweza kuguswa hata mapema. Mwenye kaswende akianza kuona ukungu, kusikia kwa shida au kuumwa sana na kichwa, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Naweza kuipata chooni, au kwa kuvaa nguo za mtu?

Hapana. Bakteria huyu hufa haraka akiwa nje ya mwili. Anaambukizwa kwa kugusana na kidonda au upele wenye majimaji wakati wa ngono ya uke, ya njia ya haja kubwa au ya mdomo, na hata kwa busu kama kidonda kiko mdomoni. Njia nyingine kubwa ni kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni.

Kondomu inapunguza sana hatari, ila inakinga sehemu inayoifunika tu. Kidonda kilicho kwenye korodani au pajani kinabaki wazi. Chanjo haijapatikana. Kwa hiyo kabla ya kuacha kondomu na mwenza mpya, pimeni wote wawili.

Kaswende inahusianaje na VVU?

Kidonda ni mlango uliofunguliwa: anayekutana na VVU akiwa na kidonda huambukizwa kwa urahisi zaidi. Utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Ukienda kupima kaswende, pima na VVU.

Kipimo kikoje?

Unachomwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo cha haraka, na majibu hutoka ndani ya dakika 20 hivi. Vipo vinavyopima VVU na kaswende kwa pamoja.

Kuna mambo mawili ya kujua. Kidonda kikiwa bado kichanga, kipimo kinaweza kusema huna, kwa hiyo rudia baada ya wiki chache. Na aliyewahi kutibiwa anaweza kuonekana ana kaswende kwenye kipimo cha haraka maisha yake yote, hata kama amepona. Mweleze mhudumu historia yako ili akupime kwa kipimo kingine cha maabara, kile kinachoonyesha kiwango cha ugonjwa kinavyoshuka.

Dawa ni ipi?

Ni sindano ya benzathini penisilini. Kwa kaswende ya mapema inatosha dozi moja ya yuniti milioni 2.4, inayochomwa kwenye msuli wa tako. Iliyokaa zaidi ya mwaka, au isiyojulikana ilianza lini, inahitaji dozi 3, moja kila wiki. Sindano inauma, sitaficha. Penisilini ilianza kutumika kwa kaswende mwaka 1943, na hadi leo bakteria huyu hajajenga usugu dhidi yake. Kwa azithromaisini usugu umeshaonekana, hivyo kununua vidonge dukani kwa kubahatisha ni hatari.

Ndani ya saa 24 unaweza kupata homa, kutetemeka na maumivu ya mwili kwa sababu bakteria wanakufa kwa wingi. Hali hiyo hupita yenyewe. Lakini ukivimba uso au kukosa pumzi, huo ni mzio na ni dharura. Asiyepatana na penisilini, kama hana mimba, anaweza kupewa doksisaiklini.

Mwenzangu hana dalili yoyote. Naye atibiwe?

Ndiyo. Ukigundulika na kaswende ya mapema, kila uliyekutana naye kimwili katika siku 90 zilizopita hutibiwa hata kama kipimo chake kinasema hana. Subirini kufanya ngono mpaka wote mmetibiwa na vidonda vimefunga. Kupona hakukupi kinga. Mmoja asipotibiwa, mtarudishiana.

Nina mimba na nimeambiwa nina kaswende. Mtoto wangu atakuwaje?

Ukitibiwa mapema, mtoto ana nafasi kubwa ya kuzaliwa salama. Bila tiba, kaswende huharibu mimba, huua mtoto tumboni, au humfanya azaliwe njiti au akiwa mgonjwa wa ini, mifupa au ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 kaswende ilisababisha vifo 150,000 hivi vya watoto, wakiwemo waliofia tumboni mapema na waliozaliwa wafu. Kinachouma ni kwamba wengi wangeokolewa kwa sindano hiyo hiyo.

Kwa mjamzito penisilini ndiyo dawa pekee inayoaminika kumfikia mtoto, na ichomwe angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Basi nenda kliniki mapema, mimba ikiwa changa, wala usisubiri tumbo lionekane, na nenda na mwenzako. Kama una mzio wa penisilini, sema. Hospitalini kuna utaratibu wa kuuzoesha mwili ili uipokee. Baada ya sindano, ukiona uchungu umeanza au mtoto amepunguza kucheza, rudi kituoni mara moja.

Mtoto akizaliwa achunguzwe hata akionekana mzima, kwani dalili zinaweza kuchelewa. Na mnyonyeshe, isipokuwa kama kuna kidonda cha kaswende kwenye titi.