Waini nyekundu kwa nyama, nyeupe kwa samaki? Sio lazima

Hii sheria watu wameishika kama amri, mtu anaacha kuagiza anachokipenda kisa eti kala samaki. Ukweli rangi ya nyama sio ishu, kinachoamua ni mafuta, pilipili, ndimu na mchuzi ulioko kwenye sahani.

Nyekundu nzito ina tanini nyingi, ile kitu inayokausha ulimi kama chai ya rangi iliyochemka sana na majani. Ukila na mbuzi choma mwenye mafuta yake tanini inalainika, raha kabisa. Ukiinywa na samaki wa mafuta mengi, madini ya chuma yaliyomo kwenye hiyo waini yanaweza kuleta shombo mdomoni, na ndo maana sheria inaonekana ya kweli. Lakini nyekundu haziko sawa zote, Cinsault ya Afrika Kusini ni nyepesi, iweke friji nusu saa halafu jaribu na jodari wa kuchoma.

Kwenye pilipili ndo watu wanakosea zaidi. Kilevi kingi na tanini vinaongeza moto, so mishkaki ya pilipili chukua nyeupe yenye utamu kidogo, japo ni nyama. Chenin Blanc, aina ya zabibu ya waini nyeupe ambayo hata Dodoma inalimwa, ina uchachu unaokata uzito wa tui la nazi, kwa hiyo kuku wa kupaka, samaki wa kupaka, vyote inaenda navyo, na sio lazima chupa iwe ya bei mbaya.