Ile "nanometa 3" ya chipu haipimi kitu

Madukani Kampala, na hata kwa wanafunzi wa uhandisi, nimeshasikia mara nyingi mno kwamba simu fulani ina "transista za nanometa 3". Transista ni vile vijiswichi vidogo mno vya umeme vilivyojaa ndani ya chipu, yaani kipande cha silikoni kinachoiendesha simu. Nanometa yenyewe haina ugumu: ukigawa mita moja mara bilioni, kila kipande ni nanometa. Kinachopotoshwa ni ile 3.

Atomi mbili za silikoni zilizoshikana huachana kwa karibu nanometa 0.24. Kama transista ingekuwa na nanometa 3 kweli, ingeenea atomi kumi na kitu tu. Lakini katika chipu za kizazi hicho, kutoka lango la transista moja hadi lango la jirani yake kuna karibu nanometa 48. Lango ndiyo ile sehemu inayoruhusu umeme upite au inayouzuia.

Zamani jina la kizazi cha chipu na kipimo halisi cha transista vilikwenda pamoja. Viliachana tangu miaka ya 1990, na anayetaka kuelewa kwa nini aifuate kazi ya Chenming Hu, profesa wa uhandisi wa umeme aliyeanza kufundisha Berkeley, California, mwaka 1976. Tatizo lililowakabili watafiti wakati ule lilikuwa uvujaji. Lango likifupishwa mno, umeme hupenya kwa chini, mahali ambapo nguvu ya lango haifiki, hata transista ikiwa imezimwa. Betri inaisha bure na chipu inachemka. Hu na wenzake, Tsu-Jae King na Jeffrey Bokor, waliisimamisha wima njia ya umeme ikawa kama pezi la samaki, lango likaikumbatia pande tatu. Wazo hilo la mwaka 1999, kampuni ya chipu ya Intel ililitangaza kwa chipu za sokoni mwaka 2011. Katikati ya hapo Hu aliwahi kuwa ofisa mkuu wa teknolojia wa TSMC, kampuni ya kutengeneza chipu huko Taiwan, 2001 hadi 2004. Kwangu hiyo ni kazi ya uprofesa iliyokamilika: wazo, maabara, kiwanda.

Sasa pezi lina kimo, unene na urefu. Kipi kiipe chipu jina? Hakuna kilichochaguliwa. Kampuni ziliendelea na hesabu ya zamani ya kuzidisha jina lililotangulia kwa 0.7, kwa sababu 0.7 mara 0.7 ni karibu nusu, yaani eneo lilelile libebe transista maradufu. Ndiyo maana tunasikia 10, 7, 5, 3. Mwaka 2021 Intel yenyewe iliacha kutaja nanometa, na chipu zilizokuwa za familia ya 10 zikaitwa Intel 7.

Basi, ndugu muuzaji, sema "chipu ya kizazi cha nanometa 3" na utakuwa sahihi. Mteja akiuliza kama inaishinda 4 ya kampuni nyingine, mwonyeshe kasi yake na jinsi inavyotumia betri, maana namba hizo mbili hazikupimwa kwa kipimo kimoja.