Dawa nimemaliza, ugonjwa uko palepale: maswali kuhusu magonjwa adimu yanayojificha

Ugonjwa adimu ni upi hasa?

Inategemea nani anahesabu. Umoja wa Ulaya huuita ugonjwa adimu usipozidi watu 5 katika kila watu 10,000. Marekani hutazama kama wagonjwa hawafiki 200,000 nchini kote. Magonjwa yenyewe ni maelfu, kwa hiyo wagonjwa wake wakijumlishwa ni mamilioni ya watu.

Kwa nini huchanganywa na magonjwa mengine?

Mwili una njia chache za kulalamika: huuma, hutapika, huchoka, huishiwa nguvu. Maelfu ya magonjwa yanagawana dalili hizo hizo. Daktari anapoanza na ugonjwa unaoonekana kila siku, anafanya sawa kabisa. Kosa huanza tiba inaposhindwa mara ya pili na ya tatu, na jina la ugonjwa halibadiliki kwa sababu tu limeshaandikwa kwenye faili.

Maumivu ya tumbo yanaweza kudanganya kiasi gani?

Kiasi cha mtu kufanyiwa upasuaji asiouhitaji. Upo ugonjwa wa kurithi unaoitwa porfiria kali ya vipindi. Ini hushindwa kukamilisha hatua mojawapo ya kutengeneza himu, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, na kemikali za njiani zikarundikana na kuumiza mishipa ya fahamu. Mgonjwa hujikunja kwa maumivu, anatapika, choo hakipati, moyo unakwenda mbio. Kila mtu anafikiria kidole tumbo. Lakini daktari akilibonyeza tumbo, mara nyingi analikuta laini, halilingani na ukali wa kilio. Wengine hupata ganzi, misuli ikalegea, au wakaanza kuona vitu visivyokuwepo, na hapo huambiwa wana matatizo ya akili.

Dalili moja naipenda kuieleza kwa sababu mgonjwa anaweza kuiona kwa macho yake: mkojo ukiachwa kwenye chombo mahali penye mwanga, hugeuka rangi ukawa mwekundu uliokoza au wa kahawia. Si kwa kila mgonjwa, lakini ukiuona, usiumwage kimya kimya. Mwambie daktari. Kipimo chenyewe ni cha mkojo, na sampuli bora ni ile iliyochukuliwa wakati maumivu yapo, kisha ikakingwa na mwanga. Kujinyima chakula, pombe, mabadiliko ya homoni za hedhi na baadhi ya dawa, zikiwemo dawa kadhaa za kifafa, huweza kuwasha kipindi kipya. Ndiyo maana kuujua ugonjwa huu kwa jina lake kunaokoa maisha: dawa aliyopewa mtu ili apone inaweza kuwa ndiyo inayomuumiza.

Nimechoka miezi mingi, nakonda, naambiwa ni msongo wa mawazo.

Huenda ni msongo kweli. Ila jiulize: je, unatamani chumvi kuliko zamani? Unasikia kizunguzungu ukisimama? Ngozi yako inazidi kuwa nyeusi bila jua, hasa kwenye mistari ya viganja, makovu na fizi? Huo ndio mwonekano wa ugonjwa wa Addison, uliopewa jina la Thomas Addison, daktari wa Uingereza aliyeueleza mwaka 1855. Tezi mbili zilizo juu ya figo hushindwa kutoa homoni ya kotisoli. Kwa mtu mweusi, fizi zenye weusi ni jambo la kawaida; kinachotakiwa kukushtua ni mabadiliko mapya, na picha ya zamani husaidia kulinganisha.

Hatari yake huja mtu anapopata maambukizi mengine. Anatapika, presha inashuka, anazimia, na wanaomzunguka wanadhani ni sumu ya chakula. Bila homoni hiyo kuongezwa haraka, anaweza kufa. Akiitumia kila siku, na kujua kuongeza dozi anapougua kama alivyoelekezwa, anaishi maisha yake.

Kope inanidondoka na ulimi unakuwa mzito. Ni kiharusi?

Ikitokea ghafla, ichukulie ni kiharusi na ukimbilie hospitali sasa hivi. Usikae kusoma makala. Lakini kama asubuhi uko sawa, jioni kope zinashuka, unaona vitu viwili viwili, unachoka kutafuna kabla chakula hakijaisha, kisha ukipumzika nguvu zinarudi, mtajie daktari myasthenia gravis. Humo kinga ya mwili hushambulia mahali neva inapokutana na msuli. Kupanda na kushuka huko kwa nguvu ndiko kunakoutofautisha.

Nimwambie nini daktari bila kuonekana namfundisha kazi?

Mpelekee tarehe. Daftari lenye siku maumivu yalipoanza, ulichokula, dawa ulizomeza, hedhi ilikuwa lini, lina uzito kuliko maelezo ya "naumwa sana." Piga picha ya kinachotokea na kupotea: kope la jioni, rangi ya mkojo. Kisha uliza kwa heshima: "Daktari, katika dalili zangu, ipo isiyolingana na ugonjwa huu?" Ni swali linalofungua faili upya bila kumlaumu mtu.

Je, ndugu zangu wapimwe?

Kwa baadhi ya magonjwa, ndiyo, hata kama hawaumwi popote. Chukua ugonjwa wa Wilson, ambapo madini ya shaba hurundikana kwenye ini na ubongo. Kijana huweza kutibiwa homa ya ini, au kuonekana amekuwa mkaidi shuleni, mwandiko umeharibika, mikono inatetemeka, kumbe ni shaba. Daktari wa macho akimulika, huweza kuona duara la rangi ya kahawia au kijani kwenye ukingo wa konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Mtoto mmoja akigundulika, kila ndugu yake wa baba na mama mmoja ana uwezekano wa 1 kati ya 4 kuwa nao pia. Na akianza dawa kabla ini halijaharibika, anaweza asiugue kabisa.