Utamu kutoka maji ya jibini: maswali ya bi mkubwa wa Ngamiani

Bi mkubwa mmoja wa Ngamiani, Tanga, mwenye kisukari, alinionyesha chupa ya maji ya manjano yaliyoelekea kijani. Ameyachuja kwenye mtindi kwa kitambaa. Kaambiwa ndiyo "sukari isiyopandisha sukari", naye anakunywa bilauri asubuhi na jioni. Nayajibu maswali yake hapa, maana uvumi huo umeshatembea.

Mwanangu, si kweli kwamba maji haya hutengenezewa utamu wa wenye kisukari?

Kweli ipo, ila umeambiwa nusu. Lita 10 za maziwa hutoa kilo 1 hivi ya jibini na karibu lita 9 za maji kama haya, ndiyo maji ya jibini. Humo mna laktosi, sukari ya maziwa. Kiwandani huvunjwa kwa kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko hayo, zikapatikana sukari mbili: glukosi na galaktosi. Galaktosi ndiyo inayogeuzwa kuwa tagatosi, ndio utamu wenyewe uliousikia, kwa chokaa maalumu au kimeng'enya kingine, kisha husafishwa mpaka zibaki chembe nyeupe kama sukari ya dukani.

Na nikiyanywa hivihivi?

Unakunywa sukari, bi mkubwa. Bilauri ya robo lita ya maji ya jibini ina laktosi gramu 12 hivi, sawa na vijiko 3 vya chai vya sukari. Ya mtindi ina pungufu kidogo kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu yake. Tumboni laktosi huvunjika, na glukosi yake huingia kwenye damu.

Nikitia chokaa mwenyewe?

Usithubutu! Chokaa huunguza mdomo na koo, na jikoni huna namna ya kuitenganisha na utamu.

Hiyo tagatosi ina nini cha ziada?

Utamu wake ni karibu asilimia 90 ya sukari, lakini gramu 1 ina kalori 1.5 badala ya 4. Sehemu kubwa haifyonzwi kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo sukari ya damu hupanda kidogo tu. Meno nayo haiyaozeshi kama sukari. Nchini Marekani tagatosi iliruhusiwa kwenye vyakula tangu 2001. Ukizidisha, tumbo hujaa gesi na unaweza kuharisha. Aliyezaliwa na mwili usioweza kutumia fruktosi, sukari ya matunda, asiiguse kabisa.

Nikiipata, niache dawa?

La. Tagatosi hupunguza sukari unayotia kwenye chai. Kazi ya dawa haiifanyi. Na hili waambie wajukuu wako: siku sukari ikishuka, ukatokwa jasho jembamba na mikono ikatetemeka, wasikukorogee utamu huo, hautakuinua upesi. Ukiwa unaweza kumeza, wakupe vijiko 3 au 4 vya sukari ya kawaida kwenye maji, wapime tena baada ya dakika 15. Ukiwa umezirai wasikutie chochote mdomoni, wakukimbize hospitali.