Kruzi haitakujazia tangi

"Fundi, nitengenezee kruzi, esansi imepanda." Jumatatu nimeisikia tena, mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, safari hii kutoka kwa baba anayeishi Katuba na kufanya kazi mjini kati. Anaamini kruzi, kile kifaa kinachoshika mwendo wa gari bila mguu wako kukanyaga, itampunguzia matumizi ya esansi, yaani petroli. Njia yake ya kila siku ni foleni, pikipiki, na taksi zinazosimama popote abiria anapoinua mkono. Nilimuuliza ni lini gari lake lilikaa kwenye 60 kwa dakika mbili mfululizo. Alifikiri, hakukumbuka. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Lubumbashi, na kuunganisha nyaya ndiyo kazi inayonilisha. Ningeweza kunyamaza nikapokea pesa yake. Sikuweza, na ndiyo maana naandika.

Kruzi, au regulateri kama wengi tunavyoiita hapa, ina kazi moja: kushika mwendo ulioichagulia. Kwenye Toyota nyingi zinazotufikia kutoka Japani haikubali hata kushika chini ya kilomita 40 hivi kwa saa. Na mjini esansi inapotelea kwenye breki. Unakanyaga, gari linapata mwendo, taksi inasimama mbele yako, unafunga breki, na mwendo wote ule ulioununua unageuka joto kwenye pedi. Kisha unaununua upya. Kruzi haina la kufanya hapo, iwe nzima au mbovu.

Barabara kuu ni habari nyingine, na nakiri kuna ukweli kidogo. Mguu ukichoka, mwendo hupanda hadi 110 bila wewe kujua, unashtuka, unaachia, unashuka 85, unakanyaga tena. Kila kukanyaga kuna gharama yake, na kruzi inakuondolea huko kupanda na kushuka. Ralph Teetor, Mmarekani aliyeibuni, alikuwa kipofu, na inasimuliwa kwamba alichoshwa na wakili wake aliyekuwa akipunguza mwendo kila anapoongea na kuuongeza kila anaposikiliza. Mwaka 1958 kifaa chake kikaingia kwenye magari ya Chrysler. Kwa hiyo mwendo uliotulia, ndiyo, ni kazi yake.

Lakini ni mwendo gani? Wateja wangu wanaweka 120, wanakunja mguu, kisha wanangoja esansi ibaki. Nguvu ya upepo unaolizuia gari huongezeka kwa mraba wa mwendo. Kutoka 80 hadi 100 nguvu hiyo inaongezeka kwa zaidi ya nusu ya ilivyokuwa mwanzo; kutoka 100 hadi 120, karibu nusu nyingine juu yake. Shofere mtulivu anayekwenda 85 kwa mguu wake atatumia kidogo kuliko kruzi iliyowekwa 120, siku zote. Na kwenye vilima mguu wenye akili unaishinda kruzi. Mlima ukianza, wewe unaweza kukubali gari lishuke kidogo hadi 80, ukijua kule ng'ambo utateremka. Kruzi haioni mteremko ulioko mbele. Inaona mwendo umepungua tu, inafungua esansi, gari la otomatiki linarudi vitesi (gia) ya chini, motere inapiga kelele, na hiyo kelele unailipa.

Kuna mama mmoja mfanyabiashara aendaye Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kila wiki. Alinibana hadi nikamtengenezea, akarudi baada ya wiki mbili akiwa na hasira: "Fundi, hakuna tofauti." Nikaomba tuende pamoja. Ni kilomita 90 hivi, na hiyo ndiyo barabara ya malori ya shaba na kobalti yanayoelekea Zambia. Nilikaa pembeni yake nikihesabu. Kabla ya nusu ya njia alikuwa ameikata kruzi mara kumi na saba: lori linapanda polepole, lori limeharibika na matawi yamewekwa nyuma yake barabarani, peaje ya kulipia barabara, watoto wanavuka na madumu ya maji, shimo. Kila mara anairudisha kwa kusukuma kile kijiti cha kruzi juu, na kila mara kruzi inakimbilia 100 aliyoiwekea, kwa haraka kuliko mguu wake ungefanya. Kwa barabara ile, kruzi yake ilikuwa inamwongezea matumizi.

Nilichokiona kwenye dashibodi ndicho kilichoniudhi zaidi. Sindano ya joto ilikuwa haijafika katikati, na tulikuwa tumetembea nusu saa. Tuliporudi nilifungua: termostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kupozwa mpaka motere ipate joto, hakuna. Fundi fulani aliing'oa zamani "ili gari lisichemke". Mnisikie vizuri, kwa sababu nitalisema hili hadi nizeeke. Motere isiyo na termostati haifiki joto lake, hasa asubuhi zetu za mwezi wa sita na wa saba. Kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaendelea kumwaga esansi nyingi, na kwenye otomatiki nyingi inakataa kuingiza vitesi ya juu kabisa maji yakiwa bado baridi. Gari linachemka kwa sababu rejeta imeziba, feni haizunguki au maji yanavuja. Tengeneza hayo, termostati irudishe mahali pake. Kisha pima upepo wa matairi na ukague filta ya hewa, maana vumbi letu jekundu halina huruma. Na baada ya safari gusa kila gurudumu: lililo la moto kuliko wenzake lina breki isiyoachia. Yule mama alirudishiwa termostati, na tangu hapo hajaniuliza tena habari ya kruzi.

Maneno mengine ninayoyasikia kwa wateja nayapitia haraka.

"Gari lina kruzi, litafunga breki lenyewe." Hapana! Kruzi ya kawaida inashika esansi tu. Kwenye mteremko gari litapita mwendo uliouweka, na mbele ya lori lililosimama litaendelea kama hakuna kitu. Zipo zenye rada, zinazofuata gari la mbele na kufunga breki, lakini nimezipokea nyingi zilizogongwa Japani, bampa imebadilishwa na rada inatazama majani ya kando ya barabara. Kama hujui rada yako ilipangwa upya au la, ichukulie kana kwamba haipo.

"Kruzi inasaidia kwenye mvua, gari halitelezi." Kinyume chake. Tairi likipanda juu ya maji, unachohitaji ni esansi iachiwe taratibu, mara moja, na mguu uko karibu. Mvua zikianza, izimeni.

"Regulateri na limiteri ni kitu kimoja." Si kimoja. Limiteri haikanyagi chochote; mguu unabaki kazini na gari linakataa tu kuzidi mwendo ulioweka. Ukiwa na Peugeot au Renault yenye vyote viwili, limiteri ndiyo ya mjini.

"Inaharibu motere." Haiharibu. Ni mguu mwingine tu.

Basi ina faida kwa nani? Kwa mtu anayeondoka alfajiri kwenda Kolwezi, karibu kilomita 300 mbele yake, anapokutana na vipande vilivyonyooka kabla malori hayajaamka. Goti linapumzika, nami mwenyewe huitumia hapo. Na kwa mashofere wa kampuni za migodi, ambao gari linaripoti mwendo wao: weka 80, barua ya onyo haitakuja. Kupumzisha goti na kuheshimu kikomo cha mwendo, hizo ni sababu nzuri kabisa za kuitengeneza.

Na ukitaka kuitengeneza, usikubali mtu akuuzie kompyuta. Kabla sijachomoa waya hata mmoja, namwambia mwenye gari akanyage breki, nami nasimama nyuma. Kruzi haitaki kushika mpaka iwe na hakika kwamba breki inaweza kuikata, na habari hiyo inaipata kwenye swichi ya taa za breki, kidude cha plastiki kilichoko juu ya pedali. Swichi ikiungua, au ikikaa vibaya kiasi kwamba taa zinawaka muda wote, kruzi inakaa kimya. Honi nayo ikiwa imekufa na taa ya erbagi inawaka, basi tatizo ni ule utepe uliojikunja ndani ya volani. Mara nyingi ni moja kati ya hayo mawili.

Yule baba wa Katuba, kumbe, taa zake za breki hazikuwaka hata moja. Alikuwa ametembea hivyo kwenye foleni kwa miezi, pikipiki zikimfuata nyuma. Nilimbadilishia swichi siku hiyohiyo. Kruzi ikarudi nayo, bila malipo ya ziada.