Mtoto wangu alipata degedege baada ya chanjo ya surua, na bado nilimpeleka dozi ya pili

Jumanne iliyopita kuna mama alikaa kwa benchi ya kliniki yetu huku Eastlands, Nairobi, mpaka wenzake wote wakaisha. Mtoto amefika miezi tisa, ameshapimwa kilo, buku imeandikwa, mimi tayari nimefungua kikasha cha chanjo, alafu akanishika mkono akaniuliza, "Sista, niambie tu ukweli, hii sindano inaweza kumdhuru mtoto wangu ama haiwezi?"

Nikamwambia inaweza.

Akanyamaza. Najua alikuwa anangoja lile jibu la kila siku, "hakuna shida mama, ni salama," ambalo hata mimi nimelitoa miaka mingi mpaka nikaacha. Nimekuwa muuguzi wa watoto miaka 17, na hii sita ya mwisho kazi yangu kubwa imekuwa kufuatilia watoto waliopata shida baada ya kuchanjwa, naenda mpaka kwao, nauliza ilianza saa ngapi, naangalia pale sindano iliingia, najaza fomu inaenda mbele. Kwa hivyo madhara ya chanjo sikuyasoma tu, nimeyaona na macho yangu, na moja lilitokea nyumbani kwangu.

Msichana wangu wa pili alichanjwa surua na rubela akiwa na miezi tisa, hakulia sana, tukarudi nyumbani. Siku ya tisa jioni akaanza kuchemka, themomita ikasoma 39.4, na nikiwa bado natafuta ile dawa ya homa macho yakapanda juu, mikono ikaanza kuruka, mdomo ukawa kama una rangi ya bluu. Shosho yake alikuwa amekuja kututembelea, akakimbia jikoni kuleta kijiko amtie mdomoni asijiume ulimi, nikamwambia mama tafadhali, usimtie kitu chochote mdomoni, nikamlaza kwa ubavu juu ya leso, nikamfungua nguo, nikaangalia saa ya ukutani. Dakika mbili kasoro. Alafu akalegea, akalala, akaamka akitafuta ziwa. Tulimpeleka hospitali usiku huo, wakampima malaria na mkojo na masikio, hakuna kitu, kesho yake akawa anacheza.

Mimi namba nilikuwa nazijua kichwani na bado mikono ilitetemeka, na ndio maana sitamcheka mama yeyote anayeogopa. Lakini namba hizo ndizo nataka tukae nazo hapa, juu naona watu wengi wanapima vibaya. Wanachukua madhara ya chanjo wanayaweka upande mmoja wa mizani, alafu upande wa pili wanaweka mtoto mzima mwenye afya anacheza nje. Hapo chanjo lazima ionekane mbaya. Upande wa pili unafaa uweke mtoto mwenye surua, na uweke pia ni rahisi kiasi gani huyo wako aipate.

Tuseme watoto 10,000 wamechanjwa surua. Kama 500 hadi 1,500 watapata homa, wengi kati ya siku ya 7 na ya 12, na baadhi watatoka vipele kidogo. Degedege la homa kama la msichana wangu, tafiti kubwa za chanjo ya surua zinasema ni karibu mtoto 1 kwa kila 3,000 au 4,000, yaani kwa hao 10,000 wetu ni watatu hivi. Platileti, zile chembe zinazosaidia damu kuganda, kushuka kwa muda ni karibu 1 kwa kila 30,000 hadi 40,000, kwa hivyo kwa kundi letu pengine hakuna hata mmoja. Ile aleji kali ya kufunga pumzi ni karibu 1 kwa dozi milioni moja. Milioni ni ngumu kuiona, so fikiria hivi, uwanja wa Nyayo unabeba watu kama 30,000, ujaze wote, uwachanje, uwatoe, ujaze tena, ufanye hivyo mara 33, ndio utapata huyo mmoja. Na huyo mmoja ndiye anafanya nikuambie ukae kwa benchi nusu saa hata kama una haraka na matatu, juu ikitokea hutokea mapema, na adrenalini, ile dawa ya aleji kali, iko hapo kwa droo yangu.

Sasa wengine 10,000 wameugua surua yenyewe. Hata kwa nchi zenye hospitali nzuri, 500 watapata nimonia, karibu 10 ubongo utavimba, na 10 hadi 30 watakufa. Hiyo ni Marekani. Mahali watoto wana utapiamlo, vitamini A haitoshi na hospitali iko mbali, Shirika la Afya Duniani linasema vifo vinaweza kufika hata 10 kwa kila wagonjwa 100. Wengine wanapona wakiwa vipofu. Na kuna kitu kimoja kimejulikana vizuri juzi juzi tu, utafiti uliotoka 2019 kwa watoto wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, damu yao ilipimwa kabla na baada ya surua, ikaonekana surua ilifuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kinga walizokuwa wamejijengea dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto anapona surua, mama anashukuru Mungu, alafu miezi inayofuata kila homa inamwangusha. Nilipokuwa wodini niliona hao watoto, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu, midomo imepasuka, hawataki hata mwangaza wa dirisha, mama amefunika uso wa mtoto na leso mchana kutwa.

Unaweza kuniambia, sista, surua nani huipata siku hizi. Hilo ni swali la maana sana na silipuuzi, juu hatari ya ugonjwa ni vitu viwili, ukiupata utakufanya nini, na utaupata kweli? Mgonjwa mmoja wa surua kwa watu wasio na kinga anaambukiza wengine 12 hadi 18. Virusi vinabaki hewani hata masaa mawili baada ya yeye kutoka, na kati ya watu 10 wasio na kinga wakikaa naye karibu, 9 watapata. Weka hiyo kwa matatu ya asubuhi dirisha zimefungwa juu ya baridi ya Julai. Weka kwa ploti ya vyumba 20 na bomba moja la maji. Ndio wataalamu wanataka watoto 95 kwa kila 100 wawe na kinga, na mtaa ukishuka chini ya hapo haina shida kwa wiki moja au mwezi, watu wanaona si mko sawa tu, mpaka mgonjwa mmoja ashuke kwa basi.

Kitu kingine kinachoharibu mizani ni kalenda. Chanjo za watoto tunazipanga wiki ya 6, ya 10, ya 14, alafu miezi 9 na 18, yaani umri uleule watoto wanaugua sana. Chukua hesabu ya Kenya ya utafiti wa 2022, kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 21 wanafariki kabla ya mwezi mmoja na 32 kabla ya mwaka. Ukitoa, wanabaki 11 wanaofariki kati ya mwezi mmoja na mwaka. Kwa watoto 10,000 hiyo ni vifo 110 ndani ya wiki kama 48, yaani zaidi ya wawili kila wiki, kwa nimonia na kuhara na malaria na mambo ya kuzaliwa nayo. Hata kama ndani ya sindano tungeweka maji matupu, kuna familia ingezika wiki ileile ya chanjo, na hakuna mzazi duniani ambaye hangesema ni ile sindano. Nimekaa na familia kama hiyo kwa nyumba ya mabati, siwezi kuwaonyesha grafu, ninachofanya ni kusikiliza na kuandika kila kitu, juu ikiwa kweli ni chanjo, fomu yangu na za wenzangu ndizo zitaonyesha.

Na njia ya kuonyesha iko. Kwanza ni siku. Chanjo ya pentavalenti, ile ya dondakoo, kifaduro, pepopunda na wenzao, homa yake inakuja usiku uleule au kesho yake. Ya surua ni virusi hai vilivyodhoofishwa, vinahitaji muda kukua, ndio homa inachelewa mpaka wiki ya pili. Kwa hivyo mtoto akichemka siku ya pili baada ya chanjo ya surua mimi sisemi "ni sindano," naangalia masikio, kifua, mkojo, juu nikilaumu chanjo nitamrudisha nyumbani na nimonia. Pili, watafiti wanamchukua mtoto huyohuyo wanalinganisha siku chache baada ya chanjo na siku zake zingine za mbali, waone kama shida imejaa zaidi zile siku za karibu na chanjo.

Hapo ndipo hadithi ya rota inaingia, virusi vinavyoharisha watoto vibaya, na naipenda juu inaonyesha mizani haikai mahali pamoja. 1998 Marekani ilianza kutumia chanjo ya kwanza ya rota inayoitwa RotaShield. Ndani ya mwaka ikaonekana karibu mtoto 1 kwa kila 10,000 utumbo wake unajikunja na kuingia ndani yake wenyewe, kitu kinachohitaji hospitali haraka na saa zingine upasuaji. 1999 ikaondolewa sokoni. Kwa Marekani uamuzi ulieleweka, rota ilikuwa inaua watoto 20 hadi 60 tu kwa mwaka nchi nzima. Lakini duniani wakati huo rota ilikuwa inaua zaidi ya watoto 400,000 kwa mwaka, wengi Afrika na Asia Kusini. Chanjo ni ileile, madhara ni yaleyale, lakini uzito wa upande wa pili haukuwa sawa kabisa, na mtoto wa Mathare hakuwa na mtu wa kumpimia mizani yake. Kenya ilianza kutoa chanjo ya rota Julai 2014, aina nyingine iliyojaribiwa kwa watoto wengi zaidi, na hiyo nayo kwa nchi tajiri imeonyesha utumbo kujikunja kwa watoto wachache sana, karibu 1 hadi 5 kwa kila 100,000. Utafiti uliofanywa nchi saba za Afrika, Kenya ikiwemo, ukatoka 2018, haukuona ongezeko lolote baada ya dozi. Bado mimi huwaambia mama: wiki moja baada ya matone ya rota, mtoto akilia kwa kujikunja, akitapika, akitoa damu kwa choo, usingoje asubuhi.

Polio ni hivyohivyo. Matone ya polio yana virusi hai vilivyodhoofishwa, na mara chache mno, karibu dozi 1 kwa milioni mbili na zaidi, vinaweza kumpooza mtoto. Tena mahali wengi hawajachanjwa virusi hivyo vinaweza kuzunguka kwa muda mrefu mpaka virudishe nguvu, na Machi 2018 vya namna hiyo vilipatikana kwa maji taka hapa Eastleigh. Hilo halifai kufichwa. Polio ilipokuwa inapooza watoto kila mahali, kukubali hatari hiyo ndogo ilikuwa sawa kabisa, lakini ugonjwa ukipungua uzito unahama, ndio maana tukaongeza sindano ya polio Desemba 2015, ambayo virusi vyake vimekufa na haviwezi kupooza, na Aprili 2016 virusi vya polio vya aina ya pili vikaondolewa ndani ya matone. Watu wakiniambia "wenye chanjo hawakubali makosa" mimi huwakumbusha hayo mawili.

Na wako watoto ambao mizani yao inaegemea upande mwingine, wenye kinga iliyoshuka sana hawafai kupewa zile za virusi hai, na aliyewahi kufunga pumzi baada ya dozi fulani harudishiwi ileile. Tuambie, hata kama ni siri ya nyumba, sema chini kwa chini, mimi nitasikia.

Yule mama wa Jumanne nilimwambia karibu yote haya, kwa maneno machache zaidi, na mtoto amelala begani kwake. Akaniuliza kitu kimoja tu, "Wako ulimrudisha?"

Nilimrudisha. Alipofika miezi 18 nilimpeleka mwenyewe lakini sikumchanja mimi, nilimwachia mwenzangu nikakaa kwa benchi kama wazazi wengine. Nilijua dozi ya pili homa yake huwa kidogo, juu watoto wengi tayari wana kinga na virusi vya chanjo havipati nafasi ya kukua. Nilijua pia kwamba degedege la homa la dakika chache haliachi alama kwa ubongo, na kwamba watoto 2 hadi 5 kwa kila 100 hulipata kabla ya miaka mitano, kwa homa yoyote ile. Hata hivyo kuanzia siku ya 6 mpaka ya 12 alilala kitandani kwetu, chupa ya parasetamo iko hapo mezani na kipimo cha kilo zake nimekiandika kwa karatasi, na usiku wa tisa niliamka mara tatu kumgusa shingo. Ilikuwa baridi.

Mama akavuta mkono wa sweta ya mtoto juu, akaniambia, "Haya, dunga." Nikamwandikia tarehe ya siku ya 7 na ya 12 nyuma ya buku, na namba yangu ya simu chini yake.