Koma ya mwishoni: vitu vitatu au vinne?

Chukua maandishi haya: `chumvi,sukari,unga,`. Yana vitu vingapi? Lugha ya programu ya Python, kwa amri ya kukata maandishi `split(",")`, inajibu vinne, cha nne kikiwa kipande kitupu. Java, kwa amri ya jina lilelile, inajibu vitatu. Hakuna iliyokosea, kila moja inaisoma koma kwa namna yake.

Koma ikiwa ya kutenganisha, koma tatu huzaa vipande vinne. Ikiwa ya kufungia, kila koma inamaliza kitu chake, basi ni vitatu. JavaScript, Go na `explode` ya PHP zinatenganisha. Java, Perl na Ruby nazo zinatenganisha, kisha zinatupa vipande vitupu vya mwishoni. Hapo kwenye kutupa ndipo panapoumiza watu, kwa sababu havitupwi kimoja tu, vinatupwa vyote vilivyofuatana.

Tuseme faili lina safu tano: jina, mji, simu, baruapepe, maoni. Mstari `Asha,Tanga,,,` kwenye Java unarudi na vipande viwili. Programu ikiomba safu ya tano inaanguka, ilhali mstari uliojazwa maoni unapita salama. Ndiyo maana majaribio yenye data kamili hayaioni hitilafu hii. Andika `split(",", -1)` upate vitano. Hiyo hasi moja inafanya kazi vilevile Perl na Ruby. Kwa maoni yangu, kwenye data ya safu isiachwe kamwe.

Maandishi matupu nayo yana mtego. Kwenye Java, `"".split(",")` inatoa kipande kimoja, lakini `",".split(",")` inatoa sifuri! Kwenye Python, `"".split(",")` ni kimoja, na `"".split()` ni sifuri. Kagua utupu kwanza, ndipo uhesabu.

Kwenye mistari, kanuni ya POSIX (kiwango cha mifumo ya aina ya Unix) ni ya kufungia: mstari ni ule ulioishia na alama ya mstari mpya, `\n`. Amri ya kuhesabu mistari, `wc -l`, huhesabu alama hizo tu, hivyo `printf 'a\nb' | wc -l` inatoa 1. Kinyume chake, Python ikisoma `"a\nb\n"` kwa `split("\n")` inatoa 3. `splitlines()` inatoa 2, ila hukata pia kwenye alama nyingine, kama ile ya ukurasa mpya, `\f`. Rust imefanya vizuri kuliko zote: `split` ni ya kutenganisha, `split_terminator` ni ya kufungia, na msomaji wa msimbo anaona nia yako palepale.

Kwenye Bash, programu ya kuendesha amri, kitanzi cha `while read`, kinachosoma mstari mmoja mmoja, huuruka mstari wa mwisho usiofungwa. Andika hivi:

`while IFS= read -r m || [ -n "$m" ]; do ... done < faili.txt`

`read` inaposhindwa mwishoni, herufi ilizokwisha kusoma zinabaki ndani ya `m`, na sharti la pili linaziokoa.